Springi inaingia kwa mlango gani?

Mwezi wa pili, saa kumi na moja alfajiri, natoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanyia kazi hapa Norwich, mashariki mwa Uingereza. Giza totoro, baridi ile ya kuuma masikio, vioo vya magari vimefunikwa na barafu nyembamba, miti imesimama mikavu kama mafagio yaliyogeuzwa. Dalili ya uhai hakuna. Sasa juu ya nguzo ya taa kuna kadege kanaimba, tena kanaimba kwa raha zake kama kameitwa harusini. Mwaka wangu wa kwanza nilijua mwanga wa taa umekachanganya. Nikamuuliza bibi mmoja ninayemhudumia, mwenyeji wa hapa hapa, akanijibu bila hata kugeuza shingo, springi hiyo inaanza, yale majira ya kuchipua baada ya winta. Nikachungulia dirishani, nje nyuzi mbili tu za joto, nikasema moyoni huyu bibi naye leo hayuko sawa.

Miaka imepita na sasa hivi mimi ndo nawaambia wageni maneno yale yale, na wao wananitazama kama nilivyomtazama bibi. Kwa hiyo nimeona niandike, maana hili jambo lina mafundo mengi na wengi wetu tunaoishi huku tunalichukulia juujuu, springi ni maua, piga picha tupia mtandaoni, basi. Unakuta mtu kakaa huku miaka kumi hajawahi kuisikia wala kuinusa. Na springi haiingii kwa macho kwanza, hapo ndo tunapokosea. Inaingia kwa sikio, macho yanakuja kupata habari mwishoni mwishoni huko, na kuna sababu.

Ila tuanze na jina lenyewe, maana nalo ni fundo. Shuleni tulifundishwa majira manne na mwalimu akatafuta ya Kiswahili ya kupachika pale, spring ikawa masika, ile ya majani kupukutika ikawa vuli, winta ikawa kipupwe. Sasa mtoto wa Tanga kama mimi ukinitajia masika nawaza mvua kubwa za mwezi wa tatu mpaka wa tano, matope, vyura, nguo siku tatu kwenye kamba haikauki. Vuli kwetu ni mvua ndogo za mwishoni mwa mwaka, na kipupwe ni ule ubaridi wa mwezi wa sita mpaka wa nane ambao mtu wa Norwich angevaa kaptula na kulalamika joto. Majira ya pwani yanaendeshwa na pepo, kaskazi na kusi, ndo zinazoleta mvua na kuiondoa. Ya huku yanaendeshwa na mwanga. Ni mashine mbili tofauti kabisa na kuzipa jina moja ndo kunatuchanganya. Mimi nasema springi tu, au majira ya kuchipua ukitaka Kiswahili kisicho na mvua ndani yake.

Na kabla hujasema pwani hatuna habari na springi, kumbuka Nairuzi. Waajemi wanaanza mwaka wao siku springi inapoingia, tarehe 20 au 21 mwezi wa tatu, na jina hilo hilo likafika kwetu na watu wa majahazi, ukawa Mwaka wa Kiswahili, mwaka wa jua wa siku 365 unaohesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, mabaharia wakaufuata na wakulima wakaufuata. Tatizo hauna ile siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne unateleza siku moja, ukateleza hivo karne na karne, leo watu wa Makunduchi wanapigana na mashina ya migomba kwenye Mwaka Kogwa mwezi wa saba. Sikukuu yenye jina la springi tunayo bwana, imepotea njia tu kwenye kalenda.

Haya turudi kwenye mwanga. Dunia imeinama, nyuzi kama 23 na nusu, hilo tulisoma wote tukalisahau wote. Tanga iko karibu na ikweta kwa hiyo mchana mrefu kuliko yote wa mwaka na ule mfupi kuliko yote havipishani hata saa moja, ndo maana saa zetu za Kiswahili zina akili, jua likitoka unaanza kuhesabu moja, likizama umefika kumi na mbili. Huku jaribu uone. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, mchana wote haufiki saa nane. Mwezi wa sita mchana unakaribia saa 17. Kutoka pale mpaka hapa lazima mwanga uongezeke haraka, na kasi inakuwa kali zaidi mwezi wa tatu, karibu dakika nne kila siku, kwa wiki ni karibu nusu saa! Mtu wa shifti anaiona kwa macho, wiki hii natoka kazini gizani, wiki ijayo natoka naona rangi za milango ya watu. Halafu Jumapili ya mwisho ya mwezi huo wanasogeza saa mbele, mchezo walioanza tangu 1916, na kama uko zamu usiku huo shifti inapungua saa moja na mshahara nao haukosi kuliona hilo.

Sasa shika hapa maana ndo kiini chenyewe. Viumbe vya huku vina saa mbili. Kuna vinavyosoma mwanga, kuna vinavyosoma joto, na vingi vinachungulia zote mbili. Saa ya mwanga haidanganyi wala haichelewi, urefu wa mchana wa tarehe mosi mwezi wa tatu mwaka huu ni ule ule wa miaka mia mbili iliyopita. Saa ya joto ni kigeugeu, leo nyuzi 15 kesho theluji. Na milango yetu ya fahamu imegawana hizi saa bila sisi kujua. Sikio linasikia walioamshwa na mwanga. Pua inasubiri joto. Ngozi inasikia vyote viwili na inadanganyika kuliko milango yote.

Ndege ndo wasomaji wakubwa wa mwanga. Na hawasomi kwa macho peke yake, ndani kabisa ya ubongo wao kuna seli zinazohisi mwanga, yaani mwanga unapenya manyoya, unapenya fuvu, unaenda kugonga hodi ndani. Siku zikishaanza kurefuka zile seli zinaamsha homoni, korodani za dume zilizokuwa zimesinyaa winta nzima zinavimba upya, na dume anaanza kutangaza, hapa ni kwangu, na nafasi ya mke ipo wazi. Baridi haimzuii kwa sababu hasomi baridi. Kwa hiyo kale kadege kangu, robini yule mwenye kifua chekundu, hakakuchanganyikiwa, kalikuwa na habari ambayo mimi sina. Ingawa nijitetee kidogo, robini ana macho mazuri gizani na taa za barabarani kweli zinamfanya aimbe hata usiku, kwa hiyo nilipatia nusu.

Kadiri wiki zinavyosogea wanaongezeka, na kilele kinafika mwanzoni mwa mwezi wa tano, kama saa nzima kabla jua halijachomoza. Ni kelele za sokoni hizo, mara ya kwanza unasikia fujo tupu. Ushauri wangu usijaribu kuwasikia wote, chukua mmoja. Mimi nilianza na yule mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye Waingereza hawakujisumbua kumtafutia jina, wanamwita tu ndege mweusi. Sauti yake nzito, ya taratibu, kama mtu anapiga mluzi huku anawaza madeni. Ukishamshika huyo, siku mbili tatu unaanza kumtenga na wengine, halafu unagundua kuna foleni. Wenye macho makubwa wanaanza kwanza kwa sababu wao wanaona mapema kwenye giza, weusi na robini wamo humo, halafu wanakuja wadogo wenye macho madogo. Kuna mmoja wa kahawia, mkia juu, uzito wake gramu tisa hivi, kama vijiko viwili vya chai vya sukari, lakini akifungua mdomo unadhani ni spika ya mnadani. Na kwa nini alfajiri? Ni giza bado, mdudu huwezi kumwona, muda wa kula haujafika, upepo umetulia sauti inafika mbali, na kuimba kwa nguvu baada ya usiku wa baridi ni kumwambia jirani kwamba sijafa, usije.

Halafu wanaingia wageni, na hapa mimi kama Mwafrika ndo napata kiburi kidogo. Mbayuwayu wa Uingereza winta wanakaa Afrika Kusini. Zamani watu wa Ulaya walikuwa wanaamini ndege hawa winta wanazama kwenye matope ya mabwawa wanalala huko. Ni pete ndo iliyomaliza ubishi, mbayuwayu aliyefungwa pete mguuni Staffordshire mwezi wa tano 1911 akapatikana Natal mwezi wa kumi na mbili 1912, karibu kilomita 10,000. Na kuna kekeo, ndugu yake dudumizi, ila huyu kekeo tabia yake kutaga kwenye kiota cha mwenzake na kuondoka. Waingereza wakimsikia kekeo ndo wanasema springi imekamilika, wanamhesabu ndege wao kabisa. Basi mwaka 2011 watafiti wa ndege wenye makao Thetford, huku huku Norfolk, wakawafunga kekeo watano vifaa vya setilaiti kuona wanakwenda wapi. Wakaenda Kongo. Kwenye msitu ule wa mvua, huko ndo wanakoshinda winta, na huku Uingereza dume mkubwa anakaa wiki chache tu, akija mwishoni mwa mwezi wa nne, mwezi wa sita kashaanza kuondoka. Sasa niambie, huyo ni ndege wa Uingereza anayekwenda Kongo likizo, au Mkongo anayekuja huku kuzaa?

Na kuna kipande kingine kitamu zaidi. Kekeo akitoka Kongo hapigi moja kwa moja kaskazini, anakwenda kwanza Afrika Magharibi, pale mvua za kwanza zimeanza na wadudu wamejaa, anakula mpaka ananenepa ndo anavuka Sahara. Mvua zikichelewa kule, huku springi inakuwa na pengo. Nilisema ni mashine mbili tofauti, ya mvua na ya mwanga, haya basi, huyu ndege ndo mkanda unaoziunganisha.

Pua sasa. Winta ya huku haina harufu, na nilidhani mimi ndo nina mafua ya kudumu. Sababu ni rahisi, harufu ni vichembe vinavyopaa hewani na baridi inavizuia kupaa, kwa hiyo hata jalala linanuka kidogo tu. Ndo maana pua inachelewa, inafungua mlango siku udongo unapopata joto, na siku hiyo unaijua. Kwangu huwa katikati ya mwezi wa tatu hivi, mvua nyepesi ya mchana imepita, natembea Mousehold, ule uwanda wenye vichaka juu ya mji, mara puani panaingia harufu ya udongo mbichi na miguu inasimama yenyewe. Ni harufu ile ile ya kwetu! Mvua ya kwanza ya masika inapogonga ua lililofagiliwa, ile wajawazito wanaitamani mpaka wanakwenda sokoni kununua udongo watafune.

Jina lake la kisayansi ni jiosmini, inatengenezwa zaidi na bakteria wa udongoni wanaoitwa streptomisesi, ukoo ule ule uliotupa dawa ya streptomaisini ya kifua kikuu. Pua ya binadamu inaikamata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni, vitu vichache sana duniani tunavinusa kwa ukali huo. Tone la mvua likitua kwenye udongo linanasa viputo vya hewa, viputo vinapanda vinapasuka kama vya soda, vinarusha harufu juu, na mvua nyepesi inafanya hivo vizuri kuliko ya gharika. Na bakteria wanaitengeneza kwa faida gani? Utafiti wa 2020 ulionyesha harufu hiyo inawaita wadudu wadogo sana wa udongoni, wanakuja kuwala na wakiondoka wameshabeba mbegu zao kuzisambaza. Kwa hiyo sisi tukisimama pale tunavuta pumzi na kufumba macho, tunasoma barua ya mtu mwingine. Ah, na jiosmini ndo ile harufu ya tope kwenye perege au kambale wa bwawani, na bibi zetu walijua dawa yake bila maabara, ndimu, maana asidi inaivunja.

Pua lakini inalipia. Mwezi wa nne miti inamwaga chavua, halafu mwezi wa tano na wa sita zinafuata nyasi, na wengi waliohamia huku wanaishi miaka miwili mitatu salama wanajisifu, wa nne macho yanawasha, chafya ishirini mfululizo. Mwili unajifunza mzio polepole. Ukiona mafua yasiyo na homa yanayokuja mwezi ule ule kila mwaka usihangaike na tangawizi tu, uliza duka la dawa.

Ngozi nimesema inadanganyika. Haipimi joto, inapima badiliko. Ndo maana nyuzi 12 mwezi wa tatu Waingereza wanavua mashati wanalala kwenye majani, na nyuzi hizo hizo mwezi wa kumi wanatafuta makoti. Nilikuwa nawacheka. Mwaka wa tatu nikajikuta na mimi nimekaa benchi, koti wazi, uso nimeuelekeza juani kama mjusi, dada mmoja wa Mombasa akapita akaniuliza kaka uko sawa kweli? Jaribu hivi siku ya jua, simama ukutani upande linakopiga, halafu piga hatua mbili uingie kivulini. Kwetu kivuli ni neema. Huku mwezi wa tatu kivulini bado ni winta na juani ni springi, majira mawili yametengwa na hatua mbili.

Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la kujua hapa, jua la huku kuanzia mwezi wa kumi mpaka kama mwezi wa tatu ni dhaifu mno, halitengenezi vitamini D mwilini hata ukilikalia kutwa. Melanini yetu nayo inapunguza zaidi. Huduma ya afya ya hapa inashauri kila mtu afikirie maikrogramu 10 za vitamini D kwa siku winta, na watu weusi wafikirie mwaka mzima. Kwa hiyo ule uvivu wa mwezi wa kwanza siyo lazima uwe umerogwa.

Ulimi nilifundishwa na mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa Kiambu. Tulikuwa tunatembea kando ya mto Wensum, mwezi wa tatu mwishoni, pembeni kumejaa yale majani yanayowasha ambayo Waingereza wanayakwepa na kuyafyeka, yeye akasimama akapiga makofi, "Ai! Si hii ni thabai!" Akatoa mfuko wa plastiki akauvaa kama glavu, akachuma vichwa vichanga tu vya juu. Ukichemsha, kuwasha kunaisha, na kwao wanaponda na viazi kwenye mukimo. Sisi tulikula na ugali. Ladha ni ya mchicha uliosoma, sijui nieleze vipi. Vikikomaa vinakuwa vigumu na havifai, kwa hiyo ni chakula cha wiki chache.

Kuna na kitunguu saumu cha porini, majani mapana ya kijani yanayotandika chini ya miti, harufu unaikuta kabla hujayaona. Hiki ukiwa peke yako usichume, nasema kwa nguvu, maana kinaota bega kwa bega na majani mengine yenye sumu yanayofanana nayo, na ule ujanja wa kusugua jani unuse unafeli mapema, ukishagusa moja vidole vyote vinanuka kitunguu, jani la pili hata la sumu litanukia hivo hivo. Nenda na mwenyeji.

Macho nimeyaacha huku siyo kwa kuyadharau. Yana kazi ila yanafika sherehe ikiwa imechangamka, na yenyewe yanataka ujue nini kinashindaniwa. Ukiingia Foxley, msitu wa kale mkubwa kuliko yote uliobaki Norfolk, mwishoni mwa mwezi wa nne, sakafu yote ni buluu, wanaita blubeli, maua ya kengele, buluu inayoelea kama moshi wa ubani. Uzuri wake watu wanaupiga picha lakini ukiangalia juu ndo unaelewa, matawi bado hayajafunga. Mwanga unafika chini kwa wiki chache tu, majani ya miti yakishafunguka kule juu taa inazimwa mpaka mwakani. Kwa hiyo haya maua ya chini yote yana haraka, yamejiwekea chakula kwenye viazi vyake ardhini mwaka uliopita ili leo yakimbie. (Na usikanyage kwa ajili ya picha, jani likivunjika halipandi tena msimu huo na ua la mwakani linakosa chakula.) Vivyo hivyo vile vichipukizi vya miti unavyoviona vinapasuka mwezi wa nne, vilitengenezwa kiangazi kilichopita, vimekaa vimefungwa winta nzima vinahesabu, baridi kwanza, halafu joto. Mti wa epo, yaani tufaa la kizungu, usipopata baridi ya kutosha hauchanui vizuri, ndo maana Tanga mjini huwezi kuotesha epo ukala.

Sasa hizo saa mbili zimeanza kupishana. Kilomita chache kaskazini mwa hapa kuna kijiji kinaitwa Stratton Strawless, na mwaka 1736 bwana mmoja mwenye mashamba yake pale, Robert Marsham, akaanza kuandika kila mwaka tarehe ya vitu alivyoviona na kuvisikia, ua la kwanza, chura wa kwanza kulia, mbayuwayu wa kwanza, jani la kwanza la mwaloni, alama 27. Akafa, ukoo wake ukaendelea kuandika mpaka 1958. Kwa kazi hiyo macho, masikio na daftari vilitosha. Watu wengine nchini wakafanya hivo hivo, na mwaka 2022 watafiti walipokusanya kumbukumbu za namna hiyo zaidi ya laki nne za mimea ya Uingereza, wakakuta maua ya kwanza sasa hivi yanatoka wastani wa siku 26 mapema ukilinganisha na miaka ya kabla ya 1987. Karibu mwezi mzima. Kule Kyoto, Japani, wanakoandika tarehe za maua ya cheri tangu karne ya 9, mwaka 2021 yalifikia kilele tarehe 26 mwezi wa tatu, kabla ya hapo hawakuwahi kuona mapema hivo.

Mtu anaweza kusema si vizuri, winta imefupika. Tatizo ni kwamba wanaosoma joto wamewahi na wanaosoma mwanga wamebaki pale pale. Uholanzi kuna ndege mdogo mweusi na mweupe anayekaa winta Afrika Magharibi, anaondoka kule kwa kusoma mwanga, hawezi kujua Ulaya kumeshapata joto. Anafika, anataga, vifaranga vinatoka, viwavi wa kuwalisha walishapita kilele. Kwenye misitu ambako viwavi wamewahi zaidi, ndege hao walipungua kama asilimia 90 ndani ya miaka ishirini. Ndo maana nasema springi usiiangalie tu. Picha ya maua haikuonyeshi kama saa zimepishana. Ukiwa na tabia ya kusikia lini, kunusa lini, kuonja lini, na ukaandika hata kwenye simu, unaanza kuona mpangilio, na mpangilio ukivurugika unaona.

Kuhusu afya nisikae sana maana huko kuna maneno mengi ya kuuza mishumaa. Utafiti wa Uingereza wa 2019, watu karibu 20,000, uliona wanaopata dakika 120 au zaidi kwa wiki kwenye maeneo ya asili wanasema wana afya na raha kuliko wasiotoka kabisa, ila kumbuka mwenye afya ndo pia anaweza kutembea, kwa hiyo nani kamzaa nani hapo bado mjadala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Derby wanasema kinachojenga ukaribu na maumbile siyo muda peke yake wala kujua majina ya Kilatini, ni kugusana nayo kwa fahamu, kuona uzuri, kuguswa, kujali. Mimi nakubaliana nao kwa sababu ya yule bibi. Sasa hatoki kitandani. Kila nikimaliza shifti mwezi wa pili nafungua dirisha lake kidole kimoja tu, baridi inaingia, sauti inaingia, ananihesabia nani anaimba. Macho yake yameshakwenda lakini springi anaijua kabla yangu, kila mwaka.

Mwezi wa nne mwaka jana mwishoni nilikuwa Strumpshaw, hifadhi ya ndege karibu na Norwich, kwenye matete, saa moja asubuhi, kwetu saa tatu. Mama kapiga simu. Kwao masika imekolea, nasikia mvua juu ya bati, anapiga kelele ili nimsikie, ua limejaa maji, vyura hawajalala, wewe huko vipi? Nikamwambia subiri, nikainua simu juu. Kekeo alikuwa anaita upande wa pili wa maji, sauti mbili, ya juu halafu ya chini, anarudia, anarudia.

Kimya kidogo. Halafu mama akasema, "Mwanangu, nani huyo asubuhi yote hii anaulizia kuku?"